Mwani wa nywele kwenye tangi la maji ya chumvi

Ndugu, nimekuelewa: tangi lako la samaki linachujwa na mawe hai (mawe ya baharini yenye bakteria wanaosafisha maji) na mchanga tu, sasa mwani wa kijani wenye nyuzi kama nywele umefunika mawe na unauliza utie dawa gani. Usitie. Dawa nyingi hudhuru konokono na kamba, na mwani ukifa wote kwa mpigo utaoza na kumaliza oksijeni.

Pima naitreti na fosfeti, virutubisho vinavyolisha mwani, ila kipimo kikisoma sifuri usishangilie. Huenda mwani umeshazinyonya. Achana na maji ya bomba, punguza chakula, taa zisiwake zaidi ya masaa 8 kwa siku. Ung'oe mwani kwa mkono, kisha ongeza konokono wanaoula.

Dawa yenyewe hasa ni mwani mwenzake, unaomnyang'anya virutubisho hivyo. Weka Chaetomorpha, ule unaofanana na waya wa kusugulia sufuria, kwenye tangi la pembeni, uuwashie taa yake usiku. Hapo hata pH (kipimo cha uasidi wa maji) haishuki sana. Ukijaa, vuna nusu uitupe. Usipovuna ukaoza, uchafu wote unarudi majini.

Vaa glavu unaposhika mawe, na usiyachemshe kamwe: baadhi ya zoantidi (wanyama wadogo jamii ya matumbawe) zinazoota juu yake zina sumu kali inayoweza kupanda na mvuke. Kifua kikibana, wahi hospitali.