Msiipe Pampu Kazi Isiyo Yake

Wadogo zangu mnaoanza fiziolojia ya neva, juzi niliketi na kundi lenu la majadiliano mkichora grafu ya msukumo wa neva, yaani jinsi volteji ya seli inavyopanda na kushuka ishara inapopita, na wanne kati ya sita wakaandika neno "pampu" (ile ya sodiamu na potasiamu iliyo kwenye utando wa seli) kwenye mteremko wa kushuka, kana kwamba ndiyo inayoishusha volteji. Kosa hilo nalijua vizuri mno, na sipendi kuona linarithiwa mwaka baada ya mwaka.

1. Choreni seli kabla ya grafu. Dendraiti, yaani matawi mafupi ya seli, hupokea ishara, mwili wa seli huzijumlisha, mwanzo wa aksoni, ule uzi mrefu wa seli, ndipo msukumo unapozaliwa, na aksoni huusafirisha hadi kwenye vituo vyake vya mwisho.

2. Namba isiyo na alama haina maana. Milivolti -70 ni volteji ya ndani ya seli iliyotulia ikilinganishwa na nje, na anayesahau alama ya kutoa hujikuta akieleza seli iliyogeuzwa.

3. Hapa naomba mnivumilie, kwa sababu ndipo nilipoumia. Nikiwa mwaka wa pili, katika mtihani wa mdomo, mtahini aliniuliza ni nini kinachorudisha volteji kutoka kilele cha +30 hadi -70. Nilijibu bila kusita kwamba ni pampu ya sodiamu na potasiamu. Akauliza kwa upole, "Na tukiizima pampu?" Nikasema neva haitaweza kupitisha hata msukumo mmoja. Alinyamaza, akaandika kitu kwenye karatasi yake, akaendelea na swali lingine, nami nikatoka nikiamini nimefaulu. Kilichoniuma zaidi hakikuwa alama zangu. Muhula mzima nilikuwa nikiwafundisha wenzangu wanne maelezo hayohayo, tena kwa kujiamini, na watatu kati yao waliyaandika kama nilivyowaeleza katika mtihani wa maandishi. Mmoja alilazimika kuurudia. Nilimwendea kumwomba radhi, akaniambia kwamba hakuwahi kufungua kitabu kwenye mada hiyo kwa kuwa aliniamini. Maneno hayo bado ninayo.

Jibu ambalo ningepaswa kulitoa ni hili. Volteji ikifika takriban -55, milango ya sodiamu, yaani njia ndogo kwenye utando wa seli zinazofunguliwa na volteji, hufunguka kwa wingi, sodiamu ikamiminika ndani na volteji ikapanda. Baada ya takriban milisekunde moja milango hiyo hujizuia yenyewe, na wakati huo milango ya potasiamu, ambayo ni mizito kufunguka, imekwisha kuwa wazi. Potasiamu inayotoka ndiyo inayoishusha grafu. Linganisheni mwendo wa kazi: mlango mmoja ulio wazi huweza kupitisha mamilioni ya ioni (chembe zenye chaji, kama za sodiamu na potasiamu) kwa sekunde, ilhali pampu moja hufanya mizunguko ya mamia tu katika muda huo, kila mzunguko ukitoa sodiamu 3 na kuingiza potasiamu 2. Haiwezekani mfanyakazi wa mwendo huo akamaliza kazi ya milisekunde moja au mbili. Wanafiziolojia Hodgkin na Keynes walilionyesha jambo hili mwaka 1955 kwa aksoni kubwa za ngisi: walipozitia sumu inayonyima seli nishati, utoaji wa sodiamu ulidorora, lakini misukumo iliendelea kupita. Katika aksoni nene kama hizo, ioni zinazovuka utando kwa msukumo mmoja ni chache mno kiasi kwamba akiba ya pande zote mbili haibadiliki kwa kiwango cha maana. Pampu ndiyo inayoitunza akiba hiyo. Ikizimwa kwa muda mrefu, neva hunyamaza.

4. Kichocheo kikiwa kikali zaidi, misukumo huongezeka idadi kwa sekunde, wala kilele cha kila mmoja hakipandi juu zaidi kwenye grafu.

5. Msiseme kwamba msukumo "unaruka" juu ya mayelini, ile ala ya mafuta inayoifunika aksoni, kana kwamba unapita hewani. Mkondo hupita ndani ya aksoni, chini ya mayelini, na msukumo huzalishwa upya kwenye kila kifundo cha Ranvier, yaani pengo dogo lisilo na mayelini. Mmoja wenu aliniuliza mayelini ina faida gani, nami nikamwomba akumbuke mara ya mwisho alipojigonga kidole cha mguu: mgongano huhisiwa papo hapo, kisha maumivu mazito ya kuchoma hufuata nyuma. Nyuzi za mguso zenye mayelini zinazopitisha ishara kwa mita 50 kwa sekunde huvuka mita moja kwa sehemu ya hamsini ya sekunde, ilhali nyuzi nyembamba za maumivu zisizo na mayelini huenda mwendo wa takriban mita moja kwa sekunde. Alikaa kimya kidogo, akakitazama kidole chake, akatabasamu.

Basi kabla hatujakutana tena, futeni neno "pampu" kwenye ule mteremko na muandike "potasiamu inatoka". Pampu ichoreeni mstari mmoja chini ya grafu yote, kuanzia mwanzo hadi mwisho, kwa sababu hufanya kazi muda wote, hata neva ikiwa imetulia.