Umeme ukikatika: mshumaa kwenye kifuniko cha ndoo si salama

Kuna mtu ameuliza: mshumaa uliogandishwa juu ya kifuniko cha ndoo, umesimama imara, una ubaya gani?

Ubaya uko chini. Watu wanaogopa mshumaa kuanguka, wanasahau kwamba mshumaa unaisha. Kikibaki kipande kifupi, nta yote inayeyuka, utambi unalala ndani yake na dimbwi zima linaweza kuwaka. Plastiki inalainika, inashika moto na kudondosha matone yanayowaka. Stuli ya plastiki ni yale yale. Kabati la mbao huchelewa tu.

Tafuta sufuria ndogo iliyochakaa au kopo fupi la bati. Weka mchanga mkavu, kina cha vidole vinne, chomeka mshumaa uzame sentimita 4 hivi na ushindilie. Kopo lisiupite mshumaa kwa urefu. Kuta zikiuzunguka mwali, joto linabanwa humo na nta inayeyuka ovyo ubavuni. Utambi ukate ubaki milimita 6, ukiwa mrefu mwali unarukaruka na kutoa masizi. Zima zikibaki sentimita 5 juu ya mchanga, hata kama unaona ni hasara. Mchanga ulioloa nta ubadilishe.

Pa kuweka: mita moja kutoka kwenye pazia na chandarua, na juu ya mwali pawe wazi, kwa hiyo si ndani ya shelfu. Vyandarua vingi ni nyuzi za plastiki; vikiguswa na moto vinayeyuka na kumdondokea aliyelala. Chumba cha kulala mimi nasema hapana kabisa, tumia tochi. Dawa ya mbu ya kopo nayo usipulize mshumaa ukiwaka, maana gesi inayoisukuma mara nyingi inashika moto.

Nta ikiwaka sufuriani, usimwage maji. Yanazama chini ya nta, yanageuka mvuke ghafla na kuirusha ikiwa inawaka. Telezesha mfuniko wa bati kutoka ubavuni, uache mpaka ipoe. Ukifunua mapema inaweza kuwaka tena. Moto ukishafika kwenye pazia au godoro, toeni watoto, fungeni mlango, na kwa Tanzania pigeni 114.

Halafu kuna ule wakati umeme unarudi, watu wanashangilia na kukimbilia runinga. Mwanga wa taa unaumeza mwali, hakuna anayeuona tena. Zima mshumaa kwanza.