Maswali ya wasomaji: Cubs, mbuzi na mvua ya dakika 17

Wiki jana niliwataja kwa kupita Chicago Cubs, timu ya besiboli ya Marekani, na msimu wao wa 2016. Maswali hayajakoma.

*Kila mwaka kuna bingwa. Hao wana lipi la ajabu? (Msomaji, Tanga)*

Hawakuwa wamelionja taji tangu 1908. Piga hesabu: miaka 108, sawa na idadi ya mishono ya mpira wa besiboli. Wako mashabiki waliozaliwa, wakazeeka na kuzikwa wakisubiri.

*Nasikia walilaaniwa kwa sababu ya mbuzi? (Msomaji, Mombasa)*

Mwaka 1945 mwenye baa mmoja, Billy Sianis, alikwenda na mbuzi wake kutazama fainali uwanjani Wrigley Field. Mbuzi akakataliwa, na inasemekana mwenyewe akaapiza. Mimi siamini. Timu iliyofungwa mechi 101 mwaka 2012 haihitaji mganga, inahitaji wachezaji. Mkuu wao wa wakati huo, Theo Epstein, alikusanya vijana kama Anthony Rizzo na Kris Bryant, akavumilia matusi ya mashabiki hadi wakakomaa. Mwaka 2016 wakashinda mechi 103.

*Mechi moja huchukua siku ngapi?*

Hiyo kriketi, ndugu yangu. Besiboli ni zamu tisa kila upande, kama saa tatu hivi. Wakitoshana, zamu zinaongezwa.

*Tusimulie fainali. (Msomaji, Arusha)*

Bingwa ni anayetangulia kushinda mechi nne. Cleveland waliongoza 3-1, Cubs wakasawazisha. Mechi ya saba ikapigwa Cleveland, 2 Novemba. Zamu ya nane Cubs walikuwa mbele 6-3, wakampa mpira Aroldis Chapman, mrushaji mwenye kasi ya kutisha lakini aliyetumika mno siku zile. Cleveland wakapunguza hadi 6-4, kisha Rajai Davis wao akaupeleka nje ya uzio, pigo la alama mbili: 6-6! Zamu ya tisa ikaisha hivyo hivyo, mvua ikanyesha, mchezo ukasimama dakika 17. Jason Heyward, ambaye msimu mzima gongo lilimgomea, akawaita wenzake kwenye chumba cha mazoezi na kuwakumbusha wao ni nani. Waliporudi, Ben Zobrist akapiga mpira wa kuwatanguliza. Ikawa 8-6, kisha 8-7. Mpira wa mwisho Bryant aliuokota huku akiteleza na kutabasamu, akamrushia Rizzo. Rizzo akautia mfukoni.

*Wamelichukua tena?*

Bado.