Kokoto zinazopasua zege kutoka ndani

Ndugu, umeuliza kwa nini tangi la maji limepata nyufa zilizosambaa kama wavu baada ya miaka, ilhali mchanganyiko ulipimwa vizuri. Chunguza kokoto. Zikiwa na opali, gumegume au kioo cha volkano, silika yake (madini yanayounda mchanga na kioo) humenyuka na alkali, yaani chumvi kali za saruji, hutoa jeli inayonyonya maji, ikavimba na kulipasua zege. Ute mweupe kwenye ufa ni dalili, ila chokaa nayo huchuruzika hivyo. Toboa zege, utoe sampuli ipelekwe maabara.

Kwa kazi mpya, vipande vya mota (saruji iliyochanganywa na kokoto hizo zilizosagwa) vizamishwe siku 14 kwenye maji ya sodiamu hidroksaidi, alkali kali, yenye joto la nyuzi 80 za Selsiasi. Vikirefuka chini ya asilimia 0.10, endelea, vikizidi 0.20, tafuta kokoto nyingine au punguza saruji uweke pozolana (unga kama majivu ya volkano unaochukua nafasi ya sehemu ya saruji). Tafadhali usiongeze saruji: unaongeza alkali.