Weka jembe chini kwanza mkuu, hayo matuta yatakuliza

Usichimbe. Nimeuona mchoro wako: eka moja Kisarawe, geti juu, njia ya katikati imenyooka hadi bondeni, matuta kulia na kushoto yanashuka sambamba na njia, tenki kona ya juu, mipapai imezunguka uzio. Umeuliza tenki likae wapi, nyanya zipewe nafasi gani na mipapai ipandwe wapi. Waliotangulia wamekupongeza, mmoja kasema hilo ndilo shamba la kisasa. La kisasa kweli, ila masika yakikolea litahamia kwa jirani yako wa bondeni.

Mimi nalima upande wa Lushoto na mchoro wangu ulikuwa huo huo, kasoro mipapai. Nilichorewa na jamaa aliyejiita mshauri wa kilimo biashara, tuliyekutana kwenye kundi la WhatsApp. Alikuja na raba nyeupe. Akasimama getini, akapiga picha na simu, akanywa soda yangu, akaondoka. Hakushuka hata nusu ya shamba, hakuuliza mvua ikinyesha maji yanapita wapi. Baada ya siku kadhaa mchoro ukaja, una rangi na nembo yake pembeni, matuta yamenyooka kama yamepigwa rula. Nikamuuliza mbona yote yanaelekea chini? Akanijibu, "Hiyo ni makusudi, maji ya ziada yatatoka yenyewe." Yakatoka kweli bwana. Yakatoka na samadi niliyoileta kwa lori, na udongo wa juu wote mweusi. Hela yake alikuwa ameshakula.

Lakini udongo siyo uliouma zaidi. Sikiliza hapa.

Nyanya zilikuwa zimeshaanza kubeba. Juu kabisa karibu na geti, mche mmoja ukaanza kunyauka saa za mchana, majani bado ya kijani kabisa, jioni unainuka tena. Nikampigia mtaalamu wangu. "Kiu hiyo, ongeza maji." Nikaongeza. Mwenye duka la pembejeo naye akaniuzia dawa ya ukungu, ghali, bila hata kuuliza mche unaonekanaje. Nikapiga. Halafu mvua kubwa zikaanza, na ile mifereji kati ya tuta na tuta ikawa inachukua maji ya kwenye mche mgonjwa na kuyagawia waliopangwa chini yake, mstari mzima. Ugonjwa ulikuwa unateremka ukiutazama. Tuta la pili lilipona mpaka siku njia ya katikati ilipofurika, likapata mgao wake. (Cheka tu, mama watoto alishacheka kabla yako.)

Aliyenifumbua macho ni mzee jirani ambaye hana nembo yoyote. Aling'oa mche, akakata shina kwa kisu karibu na mizizi, akaagiza glasi ya maji safi. Akakishikilia kile kipande cha shina, mkato ukiwa umezama ndani ya maji, bila kukitikisa. Baada ya dakika chache ukaanza kushuka uzi mweupe, mwembamba, wa rangi ya maziwa. Akasema huo ni mnyauko bakteria, dawa ya kunyunyizia hakuna, ng'oa uchome. Na kinachouma ni kwamba mdudu huyo anabaki udongoni miaka. Siyo nyanya peke yake: hoho, pilipili, bilinganya, nyanya chungu na viazi mviringo wote ni ukoo mmoja, wote anawala. Kwa hiyo shamba nililolipangia nyanya na hoho likageuka shamba la mahindi na vitunguu. Mipango yangu yote ya hesabu ilikuwa ya nyanya.

Je, matuta yangekuwa yamelala kukata mteremko, ugonjwa usingeingia? Ungeingia, labda uliletwa na miche au na buti za vibarua. Ila ungekuwa kazi ya tuta moja, nang'oa, nafunga mfereji wake, maisha yanaendelea. Mimi niliujengea barabara.

Na hiyo njia yako ya katikati, nakuomba, ipindishe. Njia iliyonyooka kutoka juu hadi chini ni korongo ambalo halijafikisha umri. Yangu ilikatika mpaka toroli halipiti, na mimi ndiye niliyeilipia kusawazishwa.

Sasa kazi ya kufanya kabla ya kupanga kingine chochote. Tafuta miti miwili iliyonyooka ya mita mbili mbili, ifunge juu pawe kama herufi A, katikati pigilia mti wa kulala. Kutoka kileleni ning'iniza kamba yenye jiwe, hiyo ndiyo timazi yako. Simamisha, weka alama kamba inapogusa ule mti wa kulala. Geuza miguu, wa kushoto ukae palipokuwa wa kulia, weka alama ya pili. Katikati ya alama hizo mbili ndipo usawa. Sasa tembea nayo kukatiza shamba, kila kamba inapotulia kwenye usawa choma kigingi. Utashangaa, vigingi havitanyooka, vitajipinda kufuata umbo la ardhi. Viache vijipinde! Matuta yatafuata hivyo vigingi, na kila baada ya hatua kadhaa weka kinga maji, yaani tuta la kuzuia maji, lenye majani ya tembo juu yake. Wakamba wa Machakos, Kenya, wanachimba mtaro na kutupa udongo upande wa juu, wanaita fanya juu, na mpaka wataalamu wa nje wanalitumia jina hilo hilo. Wamatengo wa Mbinga wana ngoro zao, mashimo mlima mzima, na mlima haujaondoka. Hakuna aliyelipia mchoro wa rangi.

Mfereji wa kutolea maji ya ziada uwe mmoja, pembeni, uoteshe nyasi, ushuke polepole, nusu mita hivi kwa kila mita 100, na usipite katikati ya mazao.

Najua utaniambia Kisarawe siyo Lushoto, mteremko wako ni mdogo. Udongo wako una mchanga mwingi mkuu, huo hauhitaji mlima ili uondoke. Mvua ikinyesha kesho vaa mabuti, nenda ukasimame bondeni uangalie yanapotokea. Usimtume kijana, nenda mwenyewe.

Tenki, juu ni sawa, kila mita moja ya kimo inakupa presha ya baa 0.1. Ila mipira ya kumwagilia kwa matone ikilazwa kushuka mteremko, ukifunga koki maji yote yaliyobaki ndani yanaenda kumalizikia miche ya chini. Ya juu kiu, ya chini inaoza mizizi. Mipira ifuate matuta, na matuta yafuate vigingi. Unaona tunarudi palepale?

Nyanya sentimita 60 mche hadi mche zinatosha. Mipapai haitaki maji yatuame kwenye mizizi, kwa hiyo ile ya uzio wa chini iondoe kabisa, utaipandia kwenye bwawa.

Tuma mchoro mwingine. Safari hii usinichoree matuta, nichoree mishale ya maji tu, yanakoingia na yanakotokea. Na kama aliyekuchorea huu alikuja na raba nyeupe, nitumie picha yake inbox.