Mwanga wa matumbawe: wati mwachie fundi umeme

Maswali mengi yaliyofika safari hii ni ya taa za matangi ya kufugia matumbawe. Karibu nusu yamekuja bila urefu, upana wala kina cha tangi, na bila kutaja ni matumbawe gani. Hayo nimeyaweka kando. Hakuna fundi anayekata kitambaa bila kipimo.

Nina tangi la lita 200. Nahitaji taa ya wati ngapi?

Swali hili linarudi kila mara kama homa ya vipindi. Wati ni umeme unaoliwa na taa. Hazikwambii ni mwanga kiasi gani unalifikia tumbawe lililokaa kina cha sentimita 40. Kuhesabu wati kwa ujazo wa tangi kulikuwa na maana kidogo zamani, mirija ya taa ilipokuwa inafanana. Leo taa mbili za wati 100 zinaweza kutofautiana kabisa kwa lenzi, rangi na upana wa mwanga.

Lita zenyewe hazisaidii. Lita 200 zinaweza kuwa tangi la sentimita 100 kwa 40 lenye kina cha 50, au mchemraba wa karibu sentimita 58 kila upande. Taa moja ya LED huangaza vizuri eneo la takriban sentimita 60 kwa 60, kwa hiyo tangi la kwanza linataka taa mbili na la pili moja. Andika vipimo.

Kwenye boksi wameandika lumeni nyingi na Kelvini 20,000. Inafaa?

Boksi limekueleza jinsi taa itakavyopendeza machoni pako. Lumeni hupimwa kwa kufuata jicho la binadamu, ambalo huona vizuri zaidi kijani, karibu nanomita 555. Zooksantela, ule mwani mdogo unaoishi ndani ya nyama ya tumbawe, hutumia zaidi buluu, kati ya nanomita 400 na 500. Taa ya buluu inaweza kuwa na lumeni chache na bado ikalisha Acropora, tumbawe la matawi, hadi ikashiba. Kelvini nazo ni rangi tu: taa mbili zinaweza kuandikwa 20,000 zote na zikawa na mchanganyiko tofauti wa mawimbi. Nyeupe na nyekundu kidogo ni za macho yako. Si vibaya, mwenye tangi naye anataka kuona samaki wake.

Basi PAR ngapi, na naipimaje?

Hatimaye swali lenye miguu. PAR ni kipimo cha mwanga ambao zooksantela wanaweza kuutumia. Discosoma na jamaa zake, matumbawe ya umbo la uyoga, hutosheka na 50 hadi 100. Zoa na matumbawe laini mengi, 75 hadi 150. LPS, yaani matumbawe yenye mfupa na polipu (vijinyama vyenye mdomo) kubwa, kama Euphyllia, humo humo, na baadhi huvumilia 200. Montipora, 150 hadi 250. Acropora, 200 hadi 350. Anayekwambia Acropora haiishi bila 600 anakuuzia taa. Kila tumbawe lina kikomo chake cha kutumia mwanga; ukikipita, ziada hugeuka mzigo.

Azima kipima PAR kutoka kwa mwenzako, huna haja ya kukinunua kwa kazi ya mara mbili kwa mwaka. Hakikisha ni cha kutumbukizwa majini na kinasoma buluu sawasawa, maana baadhi ya vihisio vya zamani huipunja buluu na kukudanganya kwamba taa ni dhaifu. Kifunge kwenye kijiti, jicho lake litazame juu, usilielekeze kwenye taa. Punguza kasi ya pampu za mawimbi, kwa sababu maji yakicheza namba nazo hucheza. Kisha pima kwenye mchanga, katikati ya miamba na kileleni. Chini ya taa na kwenye pembe nne. Chora tangi kwenye karatasi na uandike kila namba mahali pake, pamoja na asilimia ya kila chaneli (rangi) ya taa. Karatasi ile ibandike ndani ya mlango wa kabati.

Utakachokiona ni kwamba tangi moja lina hali nyingi za hewa. Kilele cha mwamba chini ya lenzi kinaweza kusoma 400 huku pembe, hatua moja tu pembeni, ikisoma 90. Hapo ndipo unapoamua nani akae wapi. Taa ikiwa na doa kali katikati, inyanyue sentimita tano au kumi; kilele kitapungua na pembe zitanufaika.

Programu za simu? Kamera ya simu haikutengenezwa kwa buluu kali. Itumie kulinganisha leo na jana kwenye taa ileile, si kutafuta namba ya kweli. Kipima luksi nacho hivyohivyo: kina ugonjwa uleule wa lumeni.

Wiki iliyopita nilifunga LED mpya, nikaiwasha asilimia 100 ili Acropora zizoee mapema. Zimepauka. Niongeze chakula?

Punguza taa kwanza, chakula baadaye. Barua za namna hii zimefika nne, na zote zina neno "mapema".

Mwanga ukizidi uwezo wa zooksantela, badala ya sukari hutengenezwa oksijeni yenye sumu ndani ya nyama ya tumbawe. Tumbawe hujiokoa kwa kuwatimua wapangaji wake, na pamoja nao hutoka rangi na sehemu kubwa ya chakula. Ndiyo maana linabaki jeupe na lenye njaa.

Shusha taa leo hadi asilimia 40, au inyanyue, au tandaza wavu mweusi wa plastiki juu ya tangi. Kisha sogea karibu na utazame tawi. Kama nyama ipo, nyembamba kama ute, na polipu bado zinachungulia, tumbawe ni hai. Kama unaona mfupa mtupu wenye vitundu vikavu na nyama inachanika kutoka shinani, huo ni ugonjwa mwingine na taa si mshtakiwa pekee. Kidokezo kingine: upande unaotazama taa ukiwa mweupe na upande wa kivuli bado una rangi, ni mwanga.

Usilihamishe, usilioshe kwa dawa, usibadilishe chumvi. Shikilia nyuzi joto 25 hadi 26 na dKH (kipimo cha karbonati majini) ileile. Nitreti na fosfati zisiwe sifuri: nitreti miligramu 5 hadi 10 kwa lita, fosfati 0.03 hadi 0.1. Chakula laini mara mbili kwa wiki kinatosha. Rangi ikianza kurudi, panda asilimia 5 kwa wiki hadi ufike kwenye PAR uliyokusudia, ambayo huenda isiwe asilimia 100 kabisa. Taa nyingi nzuri huishia kwenye 60 au 70, na hapo feni hupumua pia.

Kosa hilihili hufanyika bila taa mpya. Ukiweka kaboni mpya (mkaa wa kuchuja maji) kwenye tangi ambalo maji yamekuwa ya manjano kwa miezi, maji hung'aa ghafla na matumbawe huungua chini ya taa ileile ya kila siku. Weka kidogo kidogo.

Yangu yamekuwa ya kahawia. Niongeze mwanga?

Pima nitreti na fosfati kwanza. Kahawia maana yake zooksantela wamejaa, ama kwa kiu ya mwanga ama kwa mbolea nyingi majini. Kipima PAR kikisoma 220 na fosfati ni 0.3, unajua pa kuanzia.

T5 (mirija myembamba ya floresenti) au LED?

Kwa mtu anayeanza na tangi la matumbawe mchanganyiko, LED. Unaipunguza, unaipangia saa, haichemshi maji. Udhaifu wake ni kivuli: mwanga unatoka vidotoni, kwa hiyo tumbawe likishakuwa kichaka, matawi ya chini hufa gizani. Mirija ya T5 humwaga mwanga kama mawingu, kila upande. Ndiyo maana wenye vichaka vikubwa vya SPS (matumbawe ya polipu ndogo, kama Acropora) hufunga mirija miwili ubavuni mwa LED, na sina ubishi nao.

Lakini T5 huzeeka kimyakimya. Ibadilishe kila miezi 9 hadi 12 hata kama inawaka vizuri machoni, na usibadilishe yote kwa siku moja. Mmoja, subiri wiki moja au mbili, kisha mwingine. Taa za metali halaidi bado zinaotesha matumbawe vizuri sana kwa anayeweza kubeba joto na gharama ya umeme. Ila zile za ncha mbili zisiwashwe kamwe bila kioo chake cha kuzuia urujuanimno. Huunguza matumbawe, na macho yako.

Tangu nibadilishe taa, dKH inashuka kutoka 8.5 hadi 7 kwa siku nne. Taa ina kasoro?

Taa inafanya kazi. Matumbawe yenye mwanga wa kutosha hujenga mfupa haraka na hunywa karbonati na kalsiamu. Ongeza dozi polepole, pima kila siku kwa saa ileile, na usirudishe 1.5 yote kwa mkupuo mmoja.

Niwashe kwa muda gani kila siku?

Jumla ya saa nane hadi kumi, kwa taimeri. Na wale wanaoacha buluu hadi saa sita usiku ili kutazama matumbawe yaking'aa: buluu ndiyo PAR yenyewe. Kwa tumbawe, hapo bado ni mchana.

Mwani wa nywele umejaa. Nizime taa siku tatu?

Utapungua, kisha utarudi, kwa sababu mbolea bado imo. Punguza chakula, safisha kichujio cha povu, ng'oa kwa mkono, badilisha maji. Taa iache.

Tubastraea inataka PAR ngapi?

Sifuri. Haina zooksantela. Inataka nyama, polipu kwa polipu, mara kadhaa kwa wiki.

Mwanga umefifia ingawa sijagusa kitu.

Futa kioo cha taa. Matone ya maji ya chumvi yakikauka huacha ukungu mweupe. Zima, acha ipoe, tumia kitambaa laini na maji yaliyochujwa kwa RO (kichujio kinachoondoa chumvi), kila wiki.

Taa ilidondoka majini, nikaikausha juani, inawaka. Niirudishe?

Hapana. Maji yamekauka, chumvi imebaki ndani, na chumvi hula saketi na kupitisha umeme kila hewa inapokuwa na unyevu. Itakayofuata ifunge kwa waya mbili za chuma kisichoshika kutu, si kwa klipu ya plastiki. Waya wa umeme uning'inie chini kuliko soketi kabla ya kupanda, ili tone lidondoke sakafuni badala ya kuingia ukutani. Soketi ipitie kwenye kifaa kinachokata umeme wenyewe unapovuja. Na siku kitu cha umeme kikianguka majini, chomoa plagi kwanza ndipo mkono uingie.