Kopi ya Mwitalia, Ugonjwa wa Mmarekani: Ushauri kwa Anayetaka Bastola za Kauboi

Kituo cha nne cha shindano, jua la Julai la Texas limesimama utosini, nami nimevaa kizibao cha sufu na kofia pana kama mwenda wazimu. Kwenye mchezo huu wa kulenga shabaha kwa silaha na mavazi ya kauboi, kila mtu hujiandikisha kwa jina la bandia. Langu ni "Shemeji", na wasimamizi wa hapa hulitamka kama jina la sabuni. Saa ikalia. Bastola ya kwanza nikaimaliza vizuri, risasi tano, mabamba matano. Nikachomoa ya pili, nikapiga moja. Nilipokoki tena, yaani kuvuta nyundo nyuma, silinda inayobeba risasi ikazunguka kama feni, haishiki popote.

Nikaiweka mezani mtutu ukielekea mbele, nikaendelea na raifo. Risasi nne ambazo hazikutoka zilihesabiwa kama nimekosa shabaha, kila moja sekunde 5. Sekunde 20 zimekwenda, na mimi kituo kizima humaliza kwa 45 nikiwa na siku njema.

Jioni nikaifungua. Springi moja ndogo, bapa, ya bei isiyofikia sahani ya wali, ilikuwa imekatika mguu.

Tangu siku hiyo Watanzania na Wakenya wa huku wanaoanza mchezo wananiuliza swali lilelile: hizi kopi za Italia za bastola ya Colt ya Marekani zinaaminika kweli, au bora mtu ajikaze anunue Colt yenyewe? Jibu langu ni refu kidogo.

Kwanza tuachane na akili ya Kariakoo. Sisi tumekulia kwenye "orijino" na "feki", kwa hiyo tukisikia kopi tunafikiria simu inayokufa baada ya wiki mbili. Hizi si za namna hiyo. Colt walitoa bastola yao ya Single Action Army mwaka 1873. Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia uzalishaji ulisimama, wakairudisha 1956. Mwaka 1959 Aldo Uberti alifungua karakana yake ya bastola za kuiga Gardone Val Trompia, bonde la kaskazini mwa Italia ambako watu wamefua mitutu kwa mamia ya miaka. Pietta, watengenezaji wengine wa kopi, nao wako mkoa huohuo wa Brescia. Kila bastola inayotoka huko hupimwa na kugongwa mhuri wa serikali ya Italia. Angalia kwenye fremu, yaani kiwiliwili cha bastola: utaona kisanduku kidogo chenye herufi mbili, ndizo zinazokueleza mwaka ilipopimwa. Chuma ni kizuri, mtutu ni mzuri. Mimi sijawahi kuona mtutu wa kopi ya siku hizi ukipasuka kwa risasi za mchezo wetu, ambazo ni nyepesi mno. Kanuni zenyewe zinakataza risasi ya bastola kuvuka futi 1,000 kwa sekunde.

Tatizo liko kwingine. Mwitalia ameiga kwa uaminifu mpaka ugonjwa. Ile Colt ya 1873 ilikuwa na springi bapa zinazokatika, na skrubu zinazolegea kila unapopiga. Kopi nayo imerithi hayo yote, na anayenunua Colt ya leo kwa zaidi ya mara mbili ya bei ananunua umbo lilelile la springi. Ndiyo maana huwa nacheka mtu akiniambia atakwepa matatizo kwa kununua orijino.

Springi iliyonikatikia mimi ina miguu miwili. Mmoja unasukuma triga, mwingine unainua kitasa kinachoingia kwenye vijishimo vya nje ya silinda na kuifunga. Ukikatika mguu wa kitasa, silinda inazunguka ovyo. Ukikatika wa triga, nyundo inaweza isishike hata ukiivuta mpaka mwisho. Ipo springi nyingine, ya kile kidole kinachosukuma silinda kutoka tundu moja kwenda jingine. Hii dalili yake ni ya ajabu kidogo: ukielekeza mtutu chini silinda inazunguka, ukiuinua inagoma, kwa sababu kidole hakina tena kinachokisukuma, kinategemea uzito wake tu. Watengenezaji wengine siku hizi wameweka springi ya kuzunguka, kama ile ya kalamu, mahali pa ile bapa ya kidole. Ukiipata hiyo, chukua, itakudumu.

Kampuni iliyotengeneza ile bastola yangu siitaji, kwa sababu nusu ya kosa ni langu. Nilipiga hesabu baadaye. Shindano la mwezi lina vituo 6, kila bastola risasi 5, kwa hiyo 30. Kwa mwaka ni 360. Hizo si kitu. Lakini nyumbani kila jioni nilikuwa nakoki na kufyatua mara 50 nikiwa mbele ya televisheni, bila risasi. Kwa siku 300 hizo ni mara 15,000! Bastola ilikuwa inazeeka sebuleni, uwanjani inapelekwa kutembea tu. Sasa mazoezi nafanya kwa risasi bandia ndani ya matundu ili pini inayogonga risasi isigonge patupu, na hizo springi mbili nazibadilisha kila mwaka hata kama hazijalalamika.

Kosa jingine nililifanya miezi mingi bila kujua. Ukiwa umeweka nyundo nusu koki, yaani imesimama katikati ya safari yake, usiirudishe chini kutoka hapo. Ivute kwanza mpaka mwisho ndipo uishushe taratibu kwa kidole gumba. Ukiishusha kutoka nusu, kitasa kinakwaruza silinda na kuichora pete nzima kuizunguka. Ukienda kununua bastola iliyotumika ukaiona ile pete nene, ujue aliyekuwa nayo alikuwa kama mimi.

Na dukani fanya hivi. Hakikisha matundu yote ni matupu, omba ruhusa, kisha gusa silinda kwa kidole kana kwamba unaizuia kidogo, ukoki polepole sana. Kitasa lazima kiwe kimeshaingia kijishimo chake nyundo inapofika mwisho. Rudia kwa matundu yote sita, maana moja linaweza kuwa bovu na matano yakawa sawa. Nyundo ikiwa imekokiwa, isukume mbele kwa gumba bila kugusa triga. Ikianguka, iache hapohapo uondoke. Tikisa silinda mbele na nyuma. Kucheza kidogo ni kawaida, ikigonga kama mlango wa daladala si kawaida. Muuzaji akikukatalia kufanya haya, mshukuru uende duka la pili.

Mtu asiyetaka kabisa kushika bisibisi namwambia bila aibu anunue Ruger Vaquero. Ilitoka 1993, na toleo dogo zaidi likaja 2005. Kwa nje ni kauboi, kwa ndani Ruger hawakuiga chochote: springi zake ni za kuzunguka, na kuna kipande cha chuma kinachopanda kati ya nyundo na pini pale tu unapovuta triga, kwa hiyo ikidondoka hailipuki yenyewe. Ni nzito, na haina ile milio minne mitamu ya Colt ukikoki. Mimi nimebaki na Waitalia kwa sababu ya ile milio, nakiri ni ujinga wa mapenzi. Kwa kopi za mtindo wa Colt, kamwe usitembee na risasi sita: weka moja, ruka tundu moja, weka nne, koki mpaka mwisho, kisha shusha nyundo juu ya tundu tupu. Uwanjani hata wenye Ruger hupakia tano.

Risasi za saizi ya .38 Special zenye kichwa cha madini laini ya risasi ndizo ninazokushauri uanze nazo. Hazichoshi mkono wala springi. Baruti nyeusi ni tamu kwa moshi wake, lakini masizi hujaa kwenye pini ya katikati, ile ambayo silinda huizunguka, na ukifika kituo cha tatu silinda imekuwa nzito kama jiwe la kusagia. Iache kwanza.

Jambo la karatasi, kwa ndugu zangu waliofika karibuni: sheria ya shirikisho hapa Marekani kwa kawaida haimruhusu mwenye viza ya muda, kama mwanafunzi, kumiliki silaha, na njia za msamaha ni chache. Mwenye grini kadi anaruhusiwa. Muulize mwanasheria kabla hujamuuliza muuza duka. Na tafadhali usije ukaitumbukiza kwenye kontena la nguo na friji linalokwenda Dar au Mombasa ukisema ni kopi tu. Ni bastola.

Kuhusu idadi, mchezo unahitaji mbili. Nunua zinazofanana kila kitu, mtengenezaji mmoja na toleo moja, ili springi za akiba ziingie kwenye zote. Kabla ya shindano nakaza skrubu zote, na zile zinazopenda kulegea nimezipaka tone la gundi ya buluu ya kuzuia skrubu. Kwenye mkoba wangu kuna springi za aina zote mbili, pini moja ya katikati, kitambaa, mafuta kidogo, na bisibisi zenye ncha bapa zinazojaa sawasawa kwenye mfereji wa skrubu, maana bisibisi ya kawaida ya gereji huung'oa mfereji siku ya kwanza. Beba mbili za kila saizi. Siku moja nilimwazima bisibisi mzee mmoja ambaye pini ya katikati ya bastola yake ilichomoka alipopiga, na mpaka leo namuona kila shindano, ananisalimia vizuri tu, bisibisi haitaji.